Chumvi Ikishaingia Kwenye Chai

Entropia ni kipimo cha wingi wa namna ambazo chembe za kitu, pamoja na nishati yake, zinaweza kujipanga. Rudolf Clausius alilibuni neno hilo mwaka 1865. Mpishi mwenye usingizi hulijua kwa jina la balaa. Ndani ya punje ya chumvi chembe zimepangwa safu kwa safu kama askari wa gwaride. Punje hizo zikidhaniwa sukari na kutiwa kwenye birika, gwaride linavunjika, na namna za kujipanga hazihesabiki tena.

Ajabu ni kwamba chumvi ikiyeyuka haitoi joto. Inalifyonza, takriban kilojuli 3.9 kwa moli. Kwa hesabu ya joto peke yake, chai ingeokoka. Lakini Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha, katika miaka ya 1870, kwamba daftari lina safu mbili: badiliko la nishati huru ni badiliko la enthalpia, yaani joto, kutoa halijoto ya kelvini mara badiliko la entropia. Jibu likiwa hasi, jambo lina mwelekeo wa kutokea lenyewe. Kwenye kelvini 298 entropia ya chumvi inachangia kama kilojuli 12.9, joto linadai 3.9 zake, na jibu ni hasi 9. Chai imeharibika kihalali. Chumvi inaweza kurudishwa, mradi nishati ilipwe kutoka nje: maji yachemshwe hadi yakauke, kisha mgeni aletewe chumvi yenye majani ya chai.

Halijoto nayo ina kauli. Barafu hudai kilojuli 6.01 kwa moli ili iyeyuke, na safu mbili hulingana kwenye kelvini 273, yaani nyuzi 0. Juu ya hapo entropia hushinda, ndiyo maana umeme ukikatika barafu za kuuza hazimsubiri fundi.

Jibu hasi, hata hivyo, halisemi lini. Mkaa ukiungana na oksijeni nishati huru hushuka kilojuli 394 kwa moli, ruhusa kubwa mno. Bado mbele ya mgeni mwenye njaa unakaa mweusi tii mpaka mtu apige magoti, apulize na kuunguza nyusi, maana kuna kizingiti cha nishati cha kuvukwa kwanza. Cha almasi ni kirefu zaidi. Almasi kugeuka grafiti ni hasi 2.9, kwa hiyo pete ya uchumba ni ncha ya penseli iliyochelewa, jambo ambalo sonara halitaji kabla ya kulipwa.