Namna ya Kuusoma Mwili wa Binadamu Ukiwa Kakese

Kwanza kabisa, tafuta mbuzi. Picha utachora baadaye. Nenda bucha alfajiri, kabla wanunuzi hawajajaa, umwamkie mchinjaji na umweleze wazi kwamba unataka moyo, mapafu yakiwa bado yameungana na koo la hewa, na figo moja. Atakuuliza kama unafungua hoteli. Mjibu kwamba unajiandaa kwa mtihani wa anatomia na fiziolojia, na ulipe.

Nawaandikia wadogo zangu wa Kakese, huku Katavi, mnaosoma baiolojia, na ninyi mnaojiandaa kwenda vyuo vya utabibu na uuguzi. Nimeshakaa darasani na wamezaji wa vitabu, na nataka mwepukane nao. Mmezaji utamjua upesi: ukimuuliza mtu mzima ana mifupa mingapi, anajibu 206 kabla hujafunga mdomo, ukimwomba akuonyeshe mfupa wa paja unapokutana na nyonga, anashika tumbo. Mgonjwa hatakuja zahanati na jedwali la majina. Atakuja na maumivu, atakuonyesha kwa kidole, na wewe utatakiwa kujua chini ya kidole hicho kuna nini na kinafanya kazi gani.

Basi pasua ule moyo kwa upana, sehemu ya chini. Utaona vyumba viwili vya chini, kimoja kina ukuta mwembamba, kingine mnene. Usikimbilie daftari, bonyeza kwanza. Upande wa kulia husukuma damu hadi mapafuni, ambako ni jirani tu. Upande wa kushoto huisukuma hadi utosini na hadi kwenye kucha za miguu, ndiyo maana umejengwa kwa nyama nene. Moyo wako una vyumba vinne kama huo, na tofauti ya kuta ni ile ile. Ukishalishika jambo hili kwa vidole, mtihani hata uje usiku wa manane utaujibu.

Kwa mapafu azima pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, mnyama ana maradhi yake. Ingiza mpira wa pampu kwenye koo la hewa, shika kwa nguvu, pampu taratibu. Mapafu yatatanuka na kubadilika rangi. Ukiachia, yatanywea yenyewe. Hapo umejifunza kwamba mtu aliyetulia hatumii nguvu kutoa pumzi. Nguvu hutumika kuivuta, kiwambo kinaposhuka na mbavu kupanuka.

Sasa kaa kivulini upige hesabu. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa damu kama mililita 70 kwa pigo moja, na hupiga kama mara 70 kwa dakika. Hiyo ni karibu lita 5, yaani damu yako yote, ndani ya dakika moja. Kwa siku nzima ni lita zipatazo 7,000. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyomtoa gizani William Harvey, daktari wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake mwaka 1628. Kwa zaidi ya miaka 1,000 waganga walikariri maneno ya Galen kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula na mwili huitumia ikaisha. Harvey alikadiria damu inayopita moyoni kwa nusu saa, akaona hakuna mtu anayekula chakula cha kutosha kutengeneza kiasi hicho. Basi damu lazima inazunguka. Wakariri wote wale, na jibu lilikuwa kwenye kuzidisha!

Figo nazo zipigie hesabu kwa madumu. Kwa siku huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu, yaani madumu 9 ya lita 20. Karibu yote hurudishwa mwilini, ukabaki na mkojo wa lita moja na nusu hivi. Mwezi wa kupandikiza mpunga, ukishinda juani bila kunywa maji, angalia mkojo wako jioni: ni kidogo na umekolea rangi. Ubongo umeziagiza figo zibane maji, nazo zimetii.

Ukiwa huko huko kwenye majaruba ya mpunga, soma mifupa. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27; kila unyayo una 26. Jumlisha mikono miwili na nyayo mbili upate 106, zaidi ya nusu ya mifupa yote uliyo nayo. Shingoni una pingili 7, sawasawa na twiga wa Hifadhi ya Katavi. Za kwake ni ndefu tu.

Kusikiliza ni somo la heshima. Kifaa kisikukwamishe: mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi kuwa bomba, akaliweka kifuani kwa mgonjwa, na kifaa cha kusikilizia moyo kikaanzia hapo. Kunja daftari lako, nenda kwa mzee wa nyumbani.

"Shikamoo bibi. Naomba nisikilize moyo wako."

"Marahaba mjukuu wangu. Sikiliza, lakini ukisikia neno, niambie mimi kabla ya mama yako."

Bibi amekupa somo la siri ya mgonjwa, litunze. Kisha sikiliza sauti mbili. Ya kwanza ni vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini zikijifunga; ya pili ni vali za milango ya kutokea damu.

Nimeacha somo kubwa hadi mwisho, kwa sababu linatuhusu sisi watu wa maji ya mpunga. Ukitaka kuijua njia ya damu bila kuisahau, mfuate mdudu wa kichocho. Anatoka kwa konokono wa majini akiwa hata haonekani kwa macho, anapenya ngozi ya muundi wako umesimama jarubani. Anaingia kwenye mishipa inayorudisha damu, anafika moyo wa kulia, anapita mapafuni, anatokea moyo wa kushoto, anasambazwa na damu hadi kwenye ini, na huko anakomaa. Kisha aina moja huhamia kwenye mishipa ya kibofu, nyingine ya utumbo. Anayeugua hadhuriwi sana na mdudu mwenyewe kama anavyodhuriwa na mayai yake: yanatoboa ukuta wa kibofu, damu inaonekana kwenye mkojo, na miaka ikipita yanaweza kuharibu kibofu, figo au ini.

Kwa hiyo mdogo wangu, usikojoe wala kujisaidia majini, maana mayai yakifika majini huanguliwa, vijidudu vinavyotoka humwingia konokono, na safari inaanza upya. Ukiona damu kwenye mkojo, usimfiche mama wala mwalimu. Nenda zahanati ukapimwe. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito wako.