Babu Yumo Mtandaoni, Tatizo Herufi

Mjomba wangu haamini kwamba kuna kitu kinachokosekana kwenye intaneti. Mashine ikisema "hakuna matokeo", anajua aliyeshindwa ni mpwa. Kwa hiyo jamaa mmoja alipomwambia msibani kwamba picha za enzi ya Mjerumani sasa ziko mtandaoni, alikuja kwangu moja kwa moja. Nikamwamkia angali mlangoni.

"Marahaba. Washa. Mtafute babu."

Babu, yaani babu yake yeye, mzee Shemdoe, alikuwa seremala wa reli ya Tanga. Reli hiyo ilifika Mombo mwaka 1905, na ukoo mzima unajua kwamba alipigwa picha pale stesheni. Hakuna aliye hai aliyewahi kuiona picha hiyo, lakini kofia aliyoivaa kila mtu anaijua.

Nikaanza na Lushoto, maana ni jirani. Sifuri.

"Andika kwa herufi kubwa," akashauri Mjomba.

Shida haikuwa ukubwa wa herufi. Hifadhi ya picha hutafutwa kwa maneno ya karani aliyeandika maelezo yake, na karani wetu alikufa zamani akijua Lushoto inaitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wake. Tukuyu kwake ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg. Hata majina aliyotuachia aliyaandika kama sikio lake lilivyoyapokea: Moschi, Aruscha, Muansa, Udjidji. Ukiandika kama ulivyofundishwa darasa la kwanza, mashine inakutazama tu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikaandika Wilhelmstal, kisha nikaongeza h, kwa sababu makarani wengine waliandika Wilhelmsthal. Picha zikamwagika. Ya kwanza ilikuwa jumba la kifalme lenye bustani iliyopigwa mkasi.

Mjomba akasogeza kiti. "Hili lilikuwa upande gani? Kule juu ya soko?"

Lilikuwa karibu na Kassel, Ujerumani. Nikaongeza neno Usambara, na Kassel nikalitangulizia alama ya kutoa. Jumba likaondoka, Mjomba akasikitika waziwazi. Nadhani alikwisha kulihesabu kuwa urithi.

Tukahamia kwenye magazeti, ambako balaa ni jingine. Magazeti ya Kijerumani ya wakati ule yalipigwa chapa kwa herufi za kizamani, zenye s ndefu inayofanana na f. Kompyuta ikiyasoma, Moschi inaweza kugeuka Mofchi, kwa hiyo anayetafuta gazeti la zamani hana budi kukosea makusudi. Shemdoe tukamwandika Schemdoe, tukamwandika Fchemdoe, mpaka Mjomba akauliza kama haya si matusi kwa marehemu.

Ukirudi kwenye magazeti ya Kiswahili, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, usidhani umefika nyumbani. Mifumo mingi inakuruhusu kuweka nyota mwishoni mwa neno ili ikuletee miisho yote. Lakini maneno yetu hubadilika kichwani! Ukitafuta "mtoto" unawakosa watoto wote, na kitenzi kimoja kina vichwa vingi kuliko nyoka wa hadithi. Inakubidi uandike alijenga, walijenga, aliyejenga, kimoja kimoja, huku bando likiteketea na shangazi akiuliza jikoni kama wanaokula ni wawili au watatu.

Umeme ukakatika. Mjomba akalala kitini. Uliporudi, aliamka akiuliza, "Amepatikana?"

Hapo niliacha kisanduku cha kutafutia. Nilirudi kwenye picha moja ya Korogwe tuliyoipita mwanzoni, nikafungua albamu ilimotoka, nikaanza kuipekua ukurasa kwa ukurasa. Mpiga picha alikuwa amesafiri na reli: Tanga, Muheza, Korogwe, na kurasa mbele, Mombo. Stesheni yenyewe hii hapa, watu wamejipanga, lakini neno Mombo halikuwamo kwenye maelezo ya picha. Lilisomeka tu kwenye kibao cha ukutani, na hakuna kisanduku ambacho kingenipa hilo.

Maelezo yalimtaja mhandisi Mjerumani kwa jina na cheo. Wenzake kumi na kitu waliandikwa "mafundi". Sishangai. Hata picha za Walther Dobbertin, ambazo zilipakiwa Wikimedia Commons mwaka 2008 pamoja na nyingine nyingi za hifadhi ya taifa ya Ujerumani, zimejaa maelezo ya aina ya "Deutsch-Ostafrika, Askari", basi. Ukimtafuta babu yako kwa jina, jaribu pia kwa kazi yake.

"Yule pale," akasema Mjomba, kidole kwenye kioo. "Masikio hayo."

Shangazi akaja na mwiko mkononi, akainama. "Huyo hana kofia. Babu ni huyu wa kushoto."

Wakabishana mpaka wali ukaungua. Mwishowe walikubaliana kwamba wote wawili ni wa ukoo. Mjomba akanipa maagizo ya kupeleka studio: ikuzwe, itiwe fremu, "na mwambie fundi amtoe huyo Mjerumani. Amemziba shemeji."