Sifa za Droni Isiyotulia

Fasihi ya sifa imezoea kuwatukuza wafalme na mashujaa, lakini tangu kale limekuwapo pia tawi lake dogo linalovisifu vitu duni, kama alivyofanya Lucian wa Samosata, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 2, alipotunga insha nzima ya kumtukuza nzi. Kwa mujibu wa desturi hiyo, hakuna chombo cha zama hizi kinachostahili kusifiwa kuliko droni isiyotulia, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani, yenye rafadha nne, ambayo mwenyewe akiachia vijiti vya rimoti ili ielee mahali pamoja, yenyewe hujiendea upande iutakao. Wengi huilaani na kuipeleka kwa fundi, na ni wachache waliowahi kuzitafakari fadhila zake.

Fadhila ya kwanza ni nasaba. Tarehe 18 Desemba 1922, katika uwanja wa McCook mjini Dayton, jimbo la Ohio, helikopta ya rafadha nne iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani na George de Bothezat, mhandisi aliyehamia huko kutoka Urusi, iliinuka kiasi cha mita mbili, ikakaa hewani kwa zaidi ya dakika moja, na muda huo wote ikawa inasukumwa na upepo kuelekea pembeni mwa uwanja. Mwaka 1924 jeshi liliusitisha mradi huo, lakini tabia haikusitishwa, na droni ya leo inayokwenda mrama juu ya ua wa jirani inaweza kudai kwa haki kwamba imerithi mwendo huo kwa wahenga wake.

Fadhila ya pili ni utii. Kuelea mahali pamoja si kupumzika, kwa maana rafadha mbili huzunguka kwa mwelekeo wa saa na mbili kinyume chake ili nguvu za kuizungusha ndege zifutane, huku kompyuta iliyomo ndani ikiongeza na kupunguza kasi ya kila mota bila kukoma, kwa kutegemea ushahidi wa vihisi, yaani vifaa vinavyopima hali ya ndege. Kati ya vihisi hivyo, jairoskopu hupima kasi ya kugeuka, na kipimamchapuko, ambacho hupima mabadiliko ya mwendo pamoja na mvutano wa dunia, huijulisha kompyuta chini ni wapi. Kipimamchapuko kikikosea kwa digrii 1 tu, droni huamini kwamba imenyooka ilhali imeinama, na kwa kuwa kuinama ndiko kunakoisukuma, hupata mchapuko wa takriban mita 0.17 kwa sekunde kwa kila sekunde, ambao usiposahihishwa, na ukinzani wa hewa usipohesabiwa, huisogeza mita 8.5 katika sekunde 10. Droni ya namna hiyo haijaasi hata kidogo, bali imetekeleza ilichoambiwa, na ni nadra kumpata mtumishi anayetii amri potofu kwa uaminifu wa kiasi hicho. Mwenye kutaka kuifuta tabia hii huiweka juu ya meza iliyo sawa, akaiacha ipoe bila kuguswa, ndipo akaiagiza programu ya simu isawazishe vihisi upya. Lakini mwenye kuipenda huisawazisha juu ya boneti ya gari, mahali palipoinama na penye chuma kwa wakati mmoja.

Chuma hicho ndicho kinachodhihirisha fadhila ya tatu, ambayo ni elimu ya sumaku. Setilaiti, ambazo droni huhitaji kuzipokea angalau nne ili ijue mahali ilipo pamoja na kimo chake, haziielezi imeelekea wapi, na kazi hiyo huachiwa dira ndogo inayousikiliza usumaku wa dunia, ambao ni hafifu kiasi cha kushindwa kwa urahisi na nondo zilizomo ndani ya zege, na mabati, na magari yaliyoegeshwa karibu. Dira ikidanganyika, droni hujua kwamba imesogea, lakini hujirudisha kwa upande usio sahihi, kisha hulisahihisha kosa hilo kwa kosa jingine, hata ikawa inazunguka katika duara linalozidi kupanuka. Katika harusi za Dar es Salaam, ambako mpigapicha huirusha kutoka katikati ya magari ya msafara kwa kuwa hapana nafasi nyingine, wageni huudhania mzunguko huo kuwa ni mbwembwe na kuupigia vigelegele, mpaka duara linapoufikia ushungi wa mama wa bwana harusi. Kuiondoa elimu hii ni rahisi mno, kwani yatosha kuirusha kutoka kwenye nyasi mbali na vyuma, na kungoja setilaiti za kutosha zipatikane.

Fadhila ya nne ni wepesi wa kuvutiwa na uzuri wa mazingira. Droni nyingi zina kamera iliyo tumboni, ambayo hutazama alama za ardhini na kutambua mwendo kwa jinsi zinavyohama. Juu ya vigae vyeupe visivyo na doa, au gizani, kamera hiyo haina cha kushika, na juu ya bahari huuchukua mwendo wa mawimbi kuwa ndio mwendo wake, ikayafuata. Ikumbukwe pia kwamba droni inayoyumba karibu na ardhi pekee haistahili sifa yoyote, maana inatikiswa na hewa iliyoisukuma yenyewe chini, na ikiinuliwa mita mbili hivi hutulia, jambo linaloonyesha kwamba umaarufu wake ulikuwa wa kuazima.

Fadhila ya tano ni kumfundisha mwenyewe subira, kwa sababu baada ya kusawazisha kila kihisi, kubadilisha programu na kugombana na muuzaji, ndipo hupitisha ukucha kwenye ukingo wa rafadha na kukuta pengo dogo lililotokana na kugonga tawi, au huona unywele uliojisokota kwenye mhimili wa mota. Pengo hilo huleta mtetemo, na mtetemo huvichanganya vihisi hata vilivyo vizima. Kwa kawaida hili ndilo lingefaa kukaguliwa kwanza, likifuatiwa na vihisi, kisha dira, na kamera ya tumboni mwishoni, lakini mwanafunzi aliyeanzia mwisho hujifunza mengi zaidi njiani.

Kubwa kuliko zote, droni hii hubeba lawama. Picha ikikata vichwa vya maharusi, video ikitikisika, mwenyewe huinyooshea kidole yenyewe, nayo haijibu neno. Fadhila zote hizi, hata hivyo, ni dhaifu: rafadha mpya, brashi laini, meza iliyo sawa na uwanja wa nyasi vinaweza kuziangamiza kabla ya adhuhuri, na kuanzia hapo mpigapicha atalazimika kueleza kwa nini picha zake bado ni mbaya.