Waraka kutoka Boston: Vita Ukutani, Chai Mezani

Waraka huu, unaoelekezwa kwa ndugu, jamaa na majirani waliobaki nyumbani, unahusu desturi moja ya Marekani ambayo mhamiaji aliyelelewa Tanga, Mombasa au Unguja huchukua muda kuizoea, nayo ni kuipamba sebule kwa michongo ya vita vya kale iliyochapwa kwenye bamba la alumini. Alumini hiyo ni metali ileile inayotengenezewa sufuria, isipokuwa hii haijapata kuona wali wala ukoko: hutundikwa juu ya kochi na kufutwa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Ugumu wa mhamiaji hautokani na alumini bali na kanuni za ukuta alizokua nazo, ambazo hazijaandikwa popote na kila mtu anazijua. Ukuta wa sebule ya nyumbani hubeba picha ya Rais, ya harusi, ya mahafali ya kifungua mimba, aya ya Kurani au sura ya Yesu, na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ambayo mwaka wake umekwisha lakini maua yake bado yanapendeza. Kwa kanuni hizo, binadamu aliyefika ukutani ama ni wa ukoo, ama ni mtawala, ama ni wa dini. Ndiyo maana mgeni wa Pwani anayekaribishwa chai mjini Boston, akiona juu ya kochi watu wamelala katika damu, hudhani kwamba hao ni wazee wa mwenye nyumba, na adabu humlazimu kutoa pole. Mwenyeji, ambaye hakufiwa na mtu, hajui aipokee vipi, na mazungumzo huhamia kwenye hali ya hewa.

Picha inayofaa kuchukuliwa mfano ni ile ya Paul Revere, mfua fedha wa Boston, iliyotolewa mwaka 1770. Ni mchongo, yaani picha inayokatwa mstari kwa mstari kwa patasi nyembamba juu ya bamba la shaba nyekundu. Wino hupakwa na kufutwa hadi ubaki ndani ya mifereji tu, kisha bamba hukandamizwa pamoja na karatasi mbichi katika mtambo. Kila kitu huchongwa kinyume, ili karatasi ikibanduliwa maandishi yasomeke. Revere alionyesha tukio la tarehe 5 Machi mwaka huo, ambapo askari wa Uingereza walifyatulia risasi umati wa watu na watano wakafa, tukio linalohesabiwa miongoni mwa vichocheo vya vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1775.

Anayeisogelea picha hiyo hugundua kwamba mchongaji hakutaka kusumbuliwa sana na ukweli. Ilikuwa usiku wenye theluji chini, lakini nakala zilizopakwa rangi zina anga la samawati na barabara kavu. Ilikuwa vurugu, lakini askari wamepangwa mstari ulionyooka kama wa gwaride, huku kapteni wao akiwa ameinua upanga nyuma yao. Jengo la forodha limebandikwa kibao kinacholiita machinjio. Na katikati ya mauaji amesimama mbwa mdogo asiye na habari. Isitoshe, Revere aliiga mchoro wa msanii mwenzake, Henry Pelham, akamtangulia sokoni, na Pelham akamwandikia barua ya lawama. Mahakama ndiyo iliyoharibu picha zaidi: John Adams, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Marekani, aliwatetea askari hao, kapteni na sita kati ya askari wanane wakaachiwa huru, na wawili wakachomwa chapa kwenye kidole gumba kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kinachotundikwa juu ya kochi, kwa hiyo, ni bango la siasa lililodumu kuliko kampeni yake.

Miongoni mwa waliouawa alikuwemo Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kwanza wa Amerika. Mgeni wa Pwani, akishapewa habari hiyo, huinuka na kumtafuta mtu wake kwenye picha, na hamwoni, kwa kuwa Revere hakumtofautisha na wenzake.

Namna picha inavyofika kwenye alumini nayo ina mzunguko wa kuchekesha. Huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, tena kinyume, kisha karatasi hulazwa juu ya bamba lililopakwa utando mweupe na kubanwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, ambalo ni kali kuliko mafuta ya kukaangia maandazi. Rangi hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, kama vile nafthalini inavyotoweka taratibu katika sanduku la kanga za bibi, na kupenya ndani ya utando. Picha iliyozaliwa kwenye metali ikaishi karatasini miaka 250 hurudi hivyo kwenye metali, kinyume chake kikiwa kimenyooshwa mara mbili.

Lililobaki ni kueleza kwa nini damu hiyo haimharibii mwenyeji chai yake, na jibu liko karibu na nyumbani. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani Unguja kwa muda wa dakika 40 hivi, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Ughaibuni, vita hivyo ni swali la chemshabongo, kwamba ndivyo vifupi kuliko vyote, na anayejibu hupigiwa makofi. Mzanzibari aliyepo huchelewa kidogo kucheka. Vita huwa pambo pale ambapo hakuna tena wa kupewa pole, na kila mtu huona kwamba vita vya mwenzake vimeshafika hapo.

Wanunuzi wengi huvutiwa na bamba la kung'aa, nalo lina tabia ya kioo. Jioni taa zikiwashwa, mgeni anayenyanyua kikombe huona katika alumini, upande wa kushoto wanakopigwa watu risasi, uso mmoja mweusi ambao Revere hakuuchonga, ukiwa na biskuti mdomoni.