Oveni Inayouliza Saa

Kabla ya kupika chochote, oveni yetu hudai kwanza iambiwe ni saa ngapi. Ndiyo tabia yake. Umeme ukikatika, hata kwa muda wa kupiga chafya, ukirudi unakuta sifuri nne zinawakawaka kwenye kioo chake cheusi. Zungusha swichi ya joto hadi mwisho, hupati kitu. Taa ya ndani inawaka, feni inanguruma, ila koili zimenuna. Lazima ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, usubiri, upandishe saa kwa kile cha kulia, halafu dakika, halafu ubonyeze kile chenye picha ya kiganja. Hapo ndipo mheshimiwa anakubali kupata moto.

Waliomtengeneza siwalaumu. Kwao umeme ukikatika watu hutoka barazani kuulizana kuna nini. Sisi tuko Bukavu. Hapa umeme hauishi kwetu, hupita tu kutusalimia. Ukifika, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele: "Imekuya!" Pasi zinachomekwa, simu zinachomekwa, resho zinabandikwa masufuria ya maharagwe, na mimi nakimbilia jikoni kumwambia mheshimiwa saa. Mara nyingi sijafika kwenye dakika, giza.

Sikuomba oveni. Shemeji yangu anayeishi Ubelgiji alibadilisha jiko lake, akaona uchungu kuitupa oveni ya zamani, akaitia ndani ya kontena pamoja na magodoro na baiskeli. Ikashuka bandarini, ikavuka Rwanda, ikaingia mjini kwa mpaka wa Ruzizi ikiwa na kijitabu cha maelekezo kwa Kiholanzi. Tena si oveni ya kuweka juu ya meza. Ni ile ya kujengewa, inayoingizwa ndani ya kabati isimame sambamba na milango, upana sentimita sitini kasoro kidogo. Nyumba za Wabelgiji kule Nguba na Muhumba, zile za wakati mji ukiitwa Costermansville, zina majiko ya kuingiza kitu kama hicho na bado mtu akacheza dansi. Jiko letu lilikuwa na mbabula ya makala, ndoo na stuli.

Akaitwa seremala. Akaleta mbao za libuyu, nyekundu, nzito, nikafurahi. Akajenga kabati, akaziba pande zote, mgongoni akapigilia ubao wa ziada ili panya wasipate njia. Nikamwomba atoe mgongo. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeagiza jeneza lisilo na kitako. Ikabidi nimweleze: oveni hii ina feni juu ya mlango inayotoa hewa ya moto, na ili itoe lazima ivute ya baridi kutoka nyuma na chini. Ukiifungia kila upande, mbao zinakauka na kubabuka siku hadi siku, na vile vyuma vidogo vya saa vinaiva kabla ya mkate. Tukapatana: mgongo wazi, mwanya chini, na wavu wa chuma kwa ajili ya panya. Alipunguza bei ya mgongo lakini akaongeza ya wavu.

Fundi umeme ndiye aliyenitoa jasho. Alikuja na waya wa taa. Wa taa! Oveni ya wati 3,000 kwa volti 220 inavuta karibu ampea 14, muda wote koili zinapowaka. Waya mwembamba ukivuta hizo unapata homa ndani ya ukuta, plastiki inalainika, na mbao ziko jirani. Nikadai nyaya za milimita za mraba 2.5, njia yake peke yake kutoka kwenye boksi, na fyuzi ya ampea 16 isiyogongewa kipande cha waya wa shaba. Akasema hapa mjini kila mtu anagonga waya wa shaba. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu hapa mjini kila mtu anajua nyumba ya jirani iliyoungua.

Kisha nikamkuta anaukunja ule waya wa kijani na manjano, anaufunga utepe, anauficha.

"Mzee, huu ni wa Wazungu. Hauna kazi."

"Fundi wangu, Mzungu na Mushi wa hapa kwetu wanakufa kwa umeme uleule."

Koili ikizeeka ikapasuka, umeme unaingia kwenye bati la oveni, na atakayeushika mpini kwa mikono mibichi ni mke wangu. Waya huo ndio unaoupeleka ardhini badala ya kupita kwa mtu. Tukapigilia fito ya shaba uani, kwenye kilima chetu chenye mawe kuliko udongo, na kwa kila pigo la nyundo fundi alitaja bei mpya.

Siku ya kwanza iliwashwa tupu, madirisha wazi, karibu nusu saa kwenye joto la juu. Oveni mpya hufanyiwa hivyo iunguze mafuta ya kiwandani. Yetu haikuwa mpya, kwa hiyo jiko zima lilinukia kuku wote ambao shemeji amekula tangu ahamie Ulaya.

Nyaya zikatulia, akaja mama mkwe. Alikuja kwa wiki mbili, na sasa ana rafu yake. Rafu ya katikati, ndani ya oveni. Huko anaweka beseni za plastiki, mifuko ya unga, na mkate uliobaki ili usiliwe na watoto.

"Mama, samahani, hii si kabati."

"Mkwe wangu, ina mlango, ina rafu, ina taa. Nyumba yenu hii, nionyeshe kabati lingine lenye taa."

Sina la kujibu. Nimebaki na sheria moja: hakuna anayegusa swichi kabla ya kufungua mlango na kutazama hadi ndani kabisa. Beseni ya plastiki ikiyeyuka juu ya koili haibanduki, na moshi wake unachoma macho hadi sebuleni. Mama mkwe anaona sheria hiyo ni njama dhidi ya rafu yake.

Ana ugomvi pia na feni. Ukizima oveni, feni inaendelea kuzunguka kwa muda, ipoze saa na nyaya zilizo juu ya mlango. Yeye anasema inakula umeme wetu kwa siri, kwa hiyo akipita anazima swichi ya ukutani. Feni inakufa, joto linapanda kutafuta pa kutokea, na cha kwanza kukutana nalo ni ile saa ninayoihudumia usiku na mchana. Nimemwambia feni hiyo haifikii hata taa moja ya zamani. Amesema taa angalau inaonekana kazi yake.

Sasa tuje kwenye keki. Kitabu cha mapishi kinasema nyuzi 180, dakika arobaini. Jioni, mji mzima ukiwa unapika, tunapata volti 160, siku nyingine hazifiki. Mtu atadhani tumepoteza robo ya umeme, basi tumepoteza robo ya moto. Hapana. Nguvu ya koili hupungua kwa mraba wa volti, maana yake oveni ya wati 3,000 inabaki na kama 1,600. Inapanda kwa kujikongoja, hamira inachoka kusubiri, keki inakauka pembeni na katikati inabaki uji. Nilinunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye rafu. Kinaniambia ukweli, ila hakiuongezi moto.

Na umeme wenyewe unatoka hapo tu chini, mto Ruzizi unapotoka ziwani kuteremka kwenda Ziwa Tanganyika. Bwawa la kwanza lipo tangu mwisho wa miaka ya 1950. La pili lilianza 1989, tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umekua ukayapita yote mawili. Juu ya hilo kuna taka. Chupa ya plastiki ikitupwa kwenye mfereji hapa mtaani kwetu Kadutu, mvua inaiteremsha hadi ziwani, ziwa linaisukuma hadi bwawani, na pale inawakuta wenzake wameshatanda juu ya maji kama mkeka. Zinaziba njia ya maji, mtambo unasimamishwa, watu wanaingia kuzoa. Kwa hiyo nikimwona mtoto wangu anarusha chupa ya juisi mferejini namfokea: "Keki yako hiyo unaitupa!" Majirani wanadhani nimechanganyikiwa. Nawaelekeza mkondo wa maji, wanaondoka polepole.

Hata hivyo zile sifuri nne nimeanza kuziheshimu, na sipendi jambo hilo lifike masikioni mwa shemeji. Jirani yetu alibandika maharagwe juu ya resho, umeme ukaondoka, akangoja, akalala. Umeme ukarudi saa nane usiku. Resho haiulizi saa. Iliwaka palepale, maji yakakauka, sufuria ikawa nyekundu, na kama si mtoto aliyeamka kwenda msalani, ukuta wa mbao ungefuata. Kadutu nyumba zimebanana, moja ikishika moto haifi peke yake. Oveni yetu umeme ukirudi usiku inakaa hapo ikiwakawasha sifuri zake hadi mwenye akili timamu aamke. Wenye oveni za swichi tupu, zisizo na saa, hawana mlinzi huyo. Wao giza likiingia warudishe swichi kwenye sifuri kwanza, mshumaa wautafute baadaye.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani, usifungue mlango. Hapo napigana na nyumba nzima, maana kila mtu anataka kuchungulia kwa tochi ya simu. Kuta za oveni zimejazwa pamba ya kuzuia joto, na keki iliyokwisha kushika inaweza kumalizikia humo gizani. Kuku ni habari nyingine. Kuku aliyepata joto nusu asilazwe humo kungoja umeme wa kesho, anahamishiwa kwenye mbabula saa ileile, aive hadi mfupani. Ladha inakuwa ya moshi kidogo, wageni wanasifu, mama mkwe anapokea sifa.

Mdogo wa mke wangu, kijana aliyesoma, alileta shauri lake. Kwa nini tusitie makala ndani ya oveni umeme ukikosekana? Bati ni gumu, mlango una kioo, tunaona kinachoendelea. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza nyaya za koili atazificha wapi, ile sili ya mpira ya mlangoni ataiambia nini, na sumu ya makala, isiyo na harufu, itatokea wapi sisi tukiwa tumefunga madirisha kwa baridi ya Bukavu. Akasema alikuwa anafikiri tu. Makala yenyewe yanapanda bei kila mvua ikiharibu barabara, na msitu wa Kahuzi-Biega, ambao ni hifadhi tangu 1970, unaliwa gunia kwa gunia. Ndiyo maana nilikuwa na matumaini na hii oveni, kabla sijaijua.

Usafi nao una vita vyake. Binti anayetusaidia kazi anang'arisha masufuria kwa majivu na mchanga hadi unajiona uso, na aliiona oveni ni sufuria kubwa. Nilifika mchanga ukiwa tayari kwenye kitambaa. Kioo cha mlango kikichubuka kinabeba udhaifu huo, siku moja kinapata moto na kupasuka vipande. Vilevile maji ya baridi juu ya kioo cha moto, na watoto kukalia mlango uliofunguliwa. Tunasubiri ipoe, tunazima swichi ya ukutani, tunapaka bikarbonati iliyokorogwa na maji, tunaiacha usiku, asubuhi tunafuta kwa kitambaa kibichi. Sili ya mpira inapanguswa tu, haisuguliwi. Binti anakubali yote hayo kwa heshima, na uso wake unasema sufuria zake zina afya zaidi.

Mke wangu kwa upande wake alitandika karatasi ya alumini chini kabisa, juu ya sakafu ya oveni, ili mafuta ya kuku yasichafue. Koili ya chini iko chini ya sakafu hiyo. Alumini inarudisha moto ulikotoka, rangi ngumu ya sakafu inapasuka, na keki inaiva juu tu. Niliiondoa. Aliirudisha. Sasa trei ya chini inafanya kazi hiyo na alumini imepelekwa kufunika mboga. Kitenge anachoshikia trei ndicho hatujakubaliana: yeye anakilowesha kidogo, anasema mbichi haiungui. Kitambaa kibichi kinapitisha joto upesi kuliko kikavu, mvuke unakwenda moja kwa moja kwenye vidole. Anajua, ameshaungua, na bado anakilowesha.

Jumapili ijayo binti yetu anapata komunio ya kwanza. Keki ya tabaka tatu itaokwa Ijumaa usiku, umeme ukipenda. Mke wangu ameshaniandalia kiti jikoni na blanketi, nikae karibu na saa. Mama mkwe ameagiza gunia zima la makala. Hajasema la nini, na mimi sijamuuliza.