Wakamba Wawili Melini

Mama yangu Mwaitu, baba yangu Nau, Mjomba, na ninyi wengine wote mnaosomewa barua hii nje ya duka pale Mutituni,

Leo asubuhi, kwenye kisiwa cha Madeira, mimi na mama watoto tumelipa pesa ili tuketishwe ndani ya kikapu na kusukumwa mteremkoni. Sisemi kwa mafumbo. Ni kikapu kikubwa cha fito zilizosukwa, kina kiti chenye mto, na chini yake pamepigiliwa mbao mbili mahali ambapo pangekuwa na magurudumu. Wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe na kofia za majani hukivuta kwa kamba mpaka kishike kasi, kisha hurukia nyuma na kusimama. Breki ni soli za viatu vyao. Usukani pia ni soli za viatu vyao. Na barabara ni ile ile ya magari. Kwenye njia panda moja tulipishana na gari la mkate, na dereva wake hata hakugeuza shingo. Desturi hiyo ilianza karne ya 19, watu wa Monte, kule mlimani, walipotaka kuteremka hadi mji wa Funchal upesi, na siku hizi kikapu huenda kama kilomita mbili hivi. Mama watoto aliliita jina la Yesu kwa Kikamba tangu juu hadi chini. Wale wanaume wakadhani anawashangilia, wakaongeza mwendo.

Mjomba, wewe ulinicharaza kwa kosa hili hili pale Mua Hills nikiwa darasa la nne, nilipoteremka nimekalia kipande cha mtungi uliopasuka. Huku linaitwa utalii, na baada yake unauziwa picha.

Najua mtauliza tumefikaje Madeira ilhali mara ya mwisho mlitusikia tuko Southampton tukilea wazee wa Waingereza. Mama watoto ndiye aliyeona bei iliyoshushwa, ya chumba kisicho na dirisha. Nikasema dirisha la nini, bahari ni ile ile. Mwaitu alipoambiwa kwenye simu kwamba tutapanda meli mji ule ule ilikoondokea Titanic mwaka 1912, alikata simu akaitisha maombi. Nashukuru. Yalihitajika katika Ghuba ya Biscay, ambako meli yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Machakos ilikuwa ikiinama na kuinuka usiku kucha, nami nikiinama nayo kwa sababu zangu mwenyewe.

Chumba kisicho na dirisha kina giza ambalo hamlijui. Pale nyumbani hata usiku usio na mwezi kuna nyota. Huku ukizima taa huwezi kujua kama ni saa tisa za usiku au saa tatu za asubuhi, na mara mbili tumevaa nguo tukaenda kunywa chai ya asubuhi, tukakuta watu wako kwenye dansi.

Sasa niwaeleze choo, maana ndicho kilichoninyima usingizi. Ukimaliza unabonyeza kitufe. Hakuna kinachotokea. Unasubiri. Unaanza kupanga maneno ya kumweleza mhudumu. Halafu ghafla kile chombo kinavuta pumzi na kunguruma kama lori la mchanga lililokatika breki, kila kitu kinatoweka, nawe umeshika ukuta kwa mikono miwili. Hakisukumi kwa maji, kinavuta kwa hewa. Maji yake ni lita moja hivi, basi. Nilimwambia mama watoto kwamba aliyebuni choo hiki lazima alizaliwa Mwala mwaka wa kiangazi. Yeye ni wa Kangundo, kwao kuna kahawa na mvua, kwa hiyo hakucheka.

Lakini sikilizeni. Katika meli hiyo hiyo inayohesabu lita moja chooni, ghorofa ya juu kuna mabwawa ya kuogelea. Bwawa la maji, juu ya meli, iliyo juu ya maji. Na pembeni yake wazungu wamelala kwenye viti, bahari wameipa kisogo, wakitazama bwawa.

Maji yenyewe wanayatengeneza humo humo. Mzee mmoja tunayekaa naye mezani, mhandisi mstaafu, alitueleza kwa saa nzima huku akichora kwenye kitambaa cha karatasi. Maji ya bahari huchemshwa kwa joto la injini, mvuke wake ukapozwa ukawa maji matamu. Au husukumwa kwa nguvu nyingi kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi. Kisha, wakishaitoa chumvi yote, wanarudishia madini kidogo, kwa sababu maji matupu hayana ladha. Hapo nilicheka mpaka nikaulizwa kama naumwa. Mwaitu, wewe miaka yote hii umelipia punda alete maji ya kisima yenye chumvi ya bure, na hakuna mtu aliyekuambia ni ladha.

Nami sikukubali kushindwa. Nilimweleza yule mzee habari za Kyamwilu, mahali ambapo ukimwaga maji barabarani yanapanda mlima. Alinitazama kwa huruma, akasema ni mandhari tu inayodanganya macho. Nikamwambia karibu Machakos, uje uyaseme hayo mbele ya vijana wanaolipwa na wageni kwa kumwaga chupa ya maji pale. Tangu siku hiyo ananiita profesa, na sijajua kama ni sifa.

Chakula ni kingi hadi kinatia haya. Kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane watu wanapita na sahani, na mlangoni amesimama kijana wa kuhakikisha umenawa mikono, anaimba huku akikupulizia dawa. Hakuna muthokoi, ile pure yetu ya mahindi yaliyokobolewa. Kuna ugali wa mahindi wa Kiitaliano, wa njano, laini hadi unateleza. Mama watoto aliuonja akauliza nani aliusonga huku amekaa. Aliyemsikia ni mhudumu nyuma yetu, akaangusha kicheko. Kijana wa Changamwe, Mombasa! Akatuita mzee na mama papo hapo, akatuchekea Kiswahili chetu cha bara, akasema Wakamba wawili likizoni baharini, sasa dunia imekwisha. Tangu hapo pilipili inaletwa mezani petu kisirisiri, imefunikwa kwa sahani. Mkataba wake ni wa miezi tisa bila kurudi kwao. Usiku mmoja alituonyesha kwenye simu mtoto wake anayeanza kutambaa, kisha akaitwa akapeleke barafu meza nyingine.

Kuna usiku mmoja wa lazima kuvaa rasmi, na niliivaa ile suti niliyoshonewa Machakos kwa ajili ya ntheo. Ile siku nilipeleka mbuzi kwa wakwe nikiwa mwembamba. Kifungo cha katikati kilikubali, kikavumilia supu, kikaruka wakati wa nyama.

Lisbon ni kusimulia. Meli inaingia kwa mto Tejo na kupita chini ya daraja la 25 de Abril, lililofunguliwa mwaka 1966, na abiria wote husimama juu wakiamini bomba la moshi litagonga. Halikugonga. Lakini kushuka kulinigharimu. Mama watoto alishachukua pasi ya Uingereza. Mimi ningali na ya Kenya, kwa ukaidi niliourithi kwa Nau. Kwa hiyo nilitoa alama za vidole, taarifa za benki, barua ya mwajiri na ahadi kwamba nitarudi, ili nipewe viza ya Schengen, ili nishuke kwa saa sita, ili nikaone ndani ya kanisa la Jerónimos kaburi la Vasco da Gama, mtu aliyefika Mombasa Aprili 1498 bila kuulizwa hata karatasi ya benki.

Amechongwa kwa jiwe, amelala chali, mikono kaikutanisha kwa sala, uso umetulia. Huwezi kudhani ni yeye. Nilitaka kumwambia kwamba nguzo yake ya Malindi ingali imesimama, na kwamba kwenye ziara ya shule mwalimu alitukataza kuikalia. Malindi ndiko alikopewa rubani wa kumvusha hadi India, na shukrani ya wenzake mnaijua: karne moja baadaye Fort Jesus imejengwa Mombasa. Ila kuna jambo moja katika habari zake lililonifanya nimwonee huruma. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, na mifupa yake ilirudishwa Ureno mwaka 1539. Miaka 15! Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi ya Wakenya huku ughaibuni anajua maana yake: mweka hazina alitoroka na michango. Sisi kundi la WhatsApp hufunguliwa asubuhi, na kufikia jioni watu wa Tala na watu wa Masii wameshagombana kuhusu bei ya jeneza, lakini mtu anafika kwao.

Mama watoto alinyamaza kidogo mbele ya lile jiwe, kisha akaniuliza kama bima yetu inatosha. Nikamwambia twende tukale vile vikeki vya mayai vya Belém.

Cádiz nitaipita haraka, maana hata sisi tuliipita haraka. Sheria ya meli ni kwamba saa ya kurudi ikipita, wanakuacha. Hakuna kondakta wa kupiga bati apate kukungoja ukikimbia na kuku mkononi. Wenzetu wanaikaribia hiyo saa kwa madaha, vikombe mkononi, na wengine hupanda juu kutazama waliochelewa wakikimbia gatini, wakiwapigia makofi. Sisi hatuthubutu, na sababu ni hii. Machakos ilikuwa makao makuu ya mkoa wa Ukamba. Reli ikapita mbali nayo, na mwaka 1899 makao yakahamia Nairobi, iliyokuwa kinamasi. Mtu aliyezaliwa katika mji ulioachwa na treni hachezi na saa ya meli. Tulirudi mapema mno, ngazi haikuwa hata na foleni, na mlinzi akatuuliza kama mji haukutupendeza.

Ulitupendeza. Kando ya soko niliona Msenegali ametandaza vinyago chini, na kati yao twiga ambaye miguu yake niliitambua kabla ya uso. Ile ni kazi ya Wamunyu kwetu, au basi mchongaji alisomea kwa mtu wa Wamunyu. Tangu mzee wetu Mutisya Munge arudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa amejifunza uchongaji huko, twiga wetu wametembea kuliko sisi. Nilimnunua twiga huyo kwa yuro 20 baada ya mabishano marefu, Msenegali kwa Kifaransa, mimi kwa Kiswahili, tukaelewana kabisa. Mama watoto anasema nimetoka Ukambani nikazunguka dunia kununua kitu ambacho binamu yangu angenipa bure. Si kweli. Binamu huyo hajawahi kumpa mtu kitu bure.

Nimebakiwa na jambo la alasiri ya leo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baada ya kile kikapu tulipanda kutembea kwenye levada. Mwaitu, ni mifereji. Madeira mvua inanyesha upande wa kaskazini, na mashamba mengi yako kusini ambako ni kukavu, basi tangu karne ya 15 watu wamechonga mifereji kwenye kuta za milima, mingine ikipita ndani ya mwamba, kuyaleta maji. Yote pamoja inazidi kilomita 2,000, katika kisiwa unachokivuka kwa gari kabla chai haijapoa. Maji yanateremka taratibu, safi, upana wa hatua moja, hayana kelele. Kila shamba lina zamu yake, na yuko mtu mwenye kazi ya kufungua na kufunga. Mama watoto alimwuliza kiongozi wetu ni nani hukata mfereji usiku na kuyapeleka maji kwake. Kijana hakuelewa swali. Tukatazamana, tukaliacha.

Na kando ya mifereji ni matuta, Nau. Matuta ya mawe kutoka bondeni hadi juu, migomba imepangwa juu yake. Watalii wanasimama kupiga picha. Mimi niliyapima kwa macho nikaona yako sawa, ila matuta yako ya fanya juu pale nyuma ya boma yamenyooka zaidi, na hakuna aliyekulipa. Mwaka 1938 serikali ilisema ardhi ya Machakos imekwisha, ikachukua ng'ombe wa watu, hadi Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba wakaenda kuketi Nairobi wadai mifugo yao. Milima hiyo hiyo leo ina mahindi, kwa majembe ya mwethya, vile vikundi vyetu vya kazi ya pamoja. Nilitaka kumweleza kiongozi wetu hayo yote, na habari za mabwawa yetu ya mchanga pia, lakini alikuwa akihesabu watu ili tusikose basi. Nikachovya mkono kwenye mfereji, nikanawa uso. Mama watoto akasema nina macho mekundu. Nikasema ni vumbi, kwenye kisiwa kisicho na vumbi.

Kwa hiyo, yaliyobaki ni haya. Mvua za Novemba ziko karibu. Nimetuma pesa kwa simu leo jioni, kupitia intaneti ya meli ambayo bei yake sitaitaja mbele ya Mwaitu. Ni za gata za nyumba yote, upande wa jikoni pia, na za kuosha tangi kabla tone la kwanza halijaanguka. Nau asipande juu ya paa, kuna vijana. Mjomba, pesa zimeingia kwenye namba yako kwa sababu ya Mwaitu imefungwa: fundi alipwe akishamaliza, si kabla, na chenji irudi na risiti.