Jinsi ya Kujifunza Upasuaji kwa Ganda la Ndizi na Bando la Usiku

Daktari wa wilayani, anza na ndizi. Chagua iliyoiva bila kulegea, lichane ganda kwa wembe urefu wa kidole bila kugusa nyama ya ndani, kisha shona. Usiku huo mshono utapendeza. Uache mezani, ukalale. Asubuhi ganda litakusema: pale ulipokaza uzi kupita kiasi pamekuwa peusi. Ukingo wa kidonda cha mtu nao hufa vivyo hivyo, umebanwa hadi damu haipiti. Shona nyingine. Jirani akiuliza unamaliza mikungu mingapi kwa wiki, mweleze ukweli wote, maana huenda ndiye utakayemkuta mapokezi saa nane usiku ameshika tumbo.

Sasa bando. Nunua la usiku na upakue video nzima ya operesheni, kwa sababu mtandao una tabia ya kuganda pale pale mpasuaji anapoufikia mshipa. Itazame mara tatu. Mara ya kwanza tazama tu. Mara ya pili zima sauti, na uitaje kila hatua kabla haijatokea; ukikosea, rudi nyuma. Mara ya tatu usiutazame mkono wenye kisu kabisa. Tazama mkono wa kushoto, ule unaovuta na kutandaza tishu ili kisu kipite mahali salama. Hapo ndipo ufundi mwingi umejificha, na wanafunzi wengi hawauoni. Kisha chukua daftari uandike walichonacho wapasuaji wa kwenye video usichonacho wewe. Wamekausha damu kwa mashine ya umeme? Andika wewe utaifunga kwa uzi gani, na nesi atashika nini jenereta ikizima. Muulize na mtaalamu wa usingizi. Mpango usiomhusisha yeye haujakamilika.

Kasha la viatu nalo usilitupe; litakuzoeza upasuaji wa kamera. Litoboe matundu mawili ya koleo ndefu, uegeshe simu juu iwe kamera, uhamishe punje za maharage kutoka kizibo hadi kizibo huku ukitazama kioo cha simu tu. Mkono ukienda kulia, ncha ya koleo inakwenda kushoto, kama kana ya jahazi na chombo chake. Siku ya kwanza maharage yatatapakaa sakafuni. Okota, endelea.

Nasisitiza mambo haya ya jikoni kwa sababu wagonjwa ni wengi mno. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu, na kwamba zinahitajika operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Mama aliyekwama uchungu hawezi kumsubiri bingwa amalize masomo ng'ambo.

Lakini video haioni mikono yako. Tafuta mtu wa kuiona. Mwaka 2008, huko Rutshuru, Kivu Kaskazini, mpasuaji David Nott alikuwa na kijana wa miaka 16 ambaye mkono wake uliokwisha kukatwa ulikuwa unaoza, na ilibidi kuondoa hadi bega. Nott hakuwahi kuifanya operesheni hiyo. Alimwandikia mwenzake wa London, Meirion Thomas, akajibiwa hatua kwa hatua kwa SMS, na kijana akapona. Nott alikuwa tayari mpasuaji wa mishipa ya damu mwenye miaka mingi kazini: simu ilimpa njia, mikono alikuwa nayo.

Mtu wa namna hiyo hapatikani usiku wa dharura, anatafutwa mapema. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha, hufundisha madaktari wakiwa katika hospitali zao, chini ya wapasuaji wanaowajua kwa majina, na tangu 2007 kinashirikiana na chuo cha wapasuaji cha Ireland, masomo ya mtandaoni yakiwamo. Hata kama hujajiunga, bingwa wa hospitali ya mkoa unaye. Mpigie leo, kukiwa kumetulia. Msalimie vizuri, muulize kazi na familia, kisha umwombe akuangalizie mishono yako kila Jumapili. Mtumie picha ya ganda la ndizi. Usimchagulie lile zuri. Mpelekee lenye madoa meusi.